Anayebadili Ramani Aubebe Mzigo Wake



Kila askari, tangu siku zake za ukuruta, amefundishwa kwamba amri huwa na mwenyewe. Mlinzi aliye lindoni akiambiwa na mpita njia kwamba lindo limehamishwa, hahami. Huuliza: amri hii ni ya nani, imetolewa lini, na imeandikwa wapi? Akihama bila ya kuuliza, na ghala likavunjwa usiku ule, haitamfaa kitu kusema kwamba alisikia hivyo. Mazungumzo yetu ya leo yahusu amri za namna hiyo hiyo katika kazi nyingine, nayo ni kazi ya kujenga majumba makubwa. Tutauliza swali moja. Ramani ya jengo ikibadilishwa mwishoni, wakati msingi umekwisha kuchimbwa na vyuma vimekwisha kuagizwa, ni nani mwenye dhamana ya mabadiliko hayo?

Huenda mtu akadhani kwamba hilo ni swali la wahandisi peke yao. La hasha. Askari hulala katika mabweni ya ghorofa, hutunza silaha na risasi katika maghala, hufanya kazi katika vituo na ofisi zilizojengwa na wengine. Na jengo linapoanguka, askari ndiye anayeitwa kwanza: kuzuia umati, kuchimbua kifusi, kubeba majeruhi, na baadaye kuuliza maswali. Kwa hiyo yafaa ajue maswali ya kuuliza.

Tuanze na mji wa Kansas City, katika jimbo la Missouri, nchini Marekani. Mwezi Julai 1980 ilifunguliwa huko hoteli ya ghorofa 40 iitwayo Hyatt Regency. Ndani ya ukumbi wake mkubwa palikuwa na madaraja matatu ya kupitia watu, yaliyoning'inizwa kutoka darini kwa nondo za chuma. Kila daraja lilikuwa na urefu wa meta 37 hivi na uzito wa tani zipatazo 29. Daraja la ghorofa ya nne lilikuwa juu, na daraja la ghorofa ya pili lilikuwa chini yake sawasawa. Lile la ghorofa ya tatu lilikuwa kando peke yake.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 17 Julai 1981, watu zaidi ya elfu moja walikusanyika ukumbini humo kwa dansi. Baadhi yao walipanda juu ya madaraja ili watazame. Ilipopita saa moja, daraja la juu lilichomoka katika nondo zake, likaliangukia la chini, na yote mawili yakawaangukia watu waliokuwa ukumbini. Watu 114 walikufa, na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Polisi, wazima moto, madaktari na waendesha mashine za kunyanyua mizigo walifanya kazi usiku kucha kuwatoa wale waliobanwa. Daraja la tatu, lile la kando, lilibaki linaning'inia mahali pake.

Wachunguzi wa serikali walipopima mabaki, waliona kwamba chanzo kilikuwa katika kiungo kimoja, yaani pale nondo inapopenya boriti ya daraja na kushikwa na nati. Katika mchoro wa kwanza, nondo moja ndefu ilitoka darini, ikapenya boriti ya daraja la juu, ikaendelea chini mpaka daraja la pili. Kila daraja lilikaa juu ya nati yake, na kila nati ilibeba daraja moja. Lakini nondo ndefu namna hiyo ilikuwa na taabu kwa mafundi. Ilibidi ichongwe mistari ya nati katika sehemu kubwa ya urefu wake, na mistari hiyo ingeweza kuharibika wakati wa kuipandisha. Basi mtengenezaji wa vyuma akaleta shauri la kutumia nondo mbili fupi badala ya moja ndefu. Nondo ya kwanza itoke darini iishie katika boriti ya daraja la juu. Nondo ya pili ianzie katika boriti hiyo hiyo, ishuke hadi daraja la chini.

Kwenye karatasi, badiliko hilo ni dogo mno. Vyuma ni vile vile, madaraja ni yale yale, na uzito ni ule ule. Hata hivyo, tazameni lililotokea. Fikirini makuruta wawili wanaopanda kamba moja katika mazoezi, mmoja juu na mwenziwe chini. Maadam kila mmoja anaishika kamba kwa mikono yake, kila mmoja anajibeba mwenyewe. Sasa yule wa chini aiachie kamba, ashike mshipi wa mwenziwe. Kamba haijaongezewa hata ratili moja, lakini mikono ya yule wa juu imebebeshwa watu wawili. Ndivyo ilivyokuwa katika hoteli ile. Nati iliyo chini ya boriti ya daraja la juu ilibebeshwa madaraja mawili, nayo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya moja. Wachunguzi waliona pia kwamba hata mchoro wa kwanza ulikuwa dhaifu. Nguvu ya kiungo chake ilikuwa kiasi cha asilimia 60 tu ya ile iliyotakiwa na sheria za ujenzi za mji huo. Badiliko liliipunguza ikawa karibu nusu ya hiyo. Kwa hiyo lile lililokuwa kosa la kimya likageuka kuwa maangamizi.

Je, dhamana ilikuwa ya nani? Hapa ndipo penye fundisho. Mtengenezaji wa vyuma alisema kwamba aliomba idhini kwa simu, naye akakubaliwa. Wahandisi walikana kupokea simu kama hiyo. Wakasema pia kwamba, kwa desturi ya kazi yao, viungo vya chuma huachiwa mtengenezaji avikadirie. Lakini ilikuwapo karatasi. Mapema mwaka 1979 michoro ya karakana, yenye kuonyesha nondo mbili waziwazi, ilipelekwa katika ofisi ya wahandisi, nayo ikarudi ikiwa na muhuri wa kwamba imepitiwa. Zaidi ya hayo, mwezi Oktoba 1979, ujenzi ukiwa bado unaendelea, sehemu ya paa la ukumbi huo huo ilianguka. Lilikuwa onyo kubwa. Wahandisi wakaulizwa juu ya usalama wa ukumbi, nao wakatoa jawabu la kutuliza nyoyo, ilhali kile kiungo cha nondo hakuna aliyekipigia hesabu.

Shauri lilisikilizwa kwa muda mrefu, na mwaka 1985 hakimu wa jimbo la Missouri akatoa uamuzi wake. Alisema kwamba mhandisi anayetia muhuri wake katika ramani ndiye mwenye dhamana ya ramani hiyo. Anaweza kumpa mwingine kazi ya kuchora na kukadiria, lakini hawezi kumpa dhamana yake. Mhandisi mkuu na mhandisi wa mradi walionekana na hatia ya uzembe mkubwa katika kazi, wakanyang'anywa leseni zao za uhandisi katika jimbo hilo. Mashtaka ya jinai hayakufunguliwa, wala hakuna aliyefungwa.

Ndugu wasikilizaji, kanuni hiyo mnaijua, kwa kuwa ndiyo kanuni ya majeshi yote yenye nidhamu. Kazi hugawiwa, dhamana haigawiwi. Mkuu wa kikosi aweza kumtuma sajini akague maghala, lakini ghala likikutwa wazi asubuhi, mkuu hawezi kujificha nyuma ya sajini. Na sajini naye hawezi kujificha nyuma ya mkuu, ikiwa aliiona kufuli imevunjika akanyamaza.

Katika Kansas City badiliko lilitoka chini, kwa mafundi, likapita mbele ya macho ya wakubwa pasipo kutazamwa. Lakini mabadiliko mengi hutoka juu, na hayo ndiyo magumu zaidi kuyapinga. Kwa mfano wa hayo twende Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini.

Katika miaka ya 1980 ilianza kujengwa huko nyumba ya ghorofa nne ambayo haikukusudiwa kuwa duka. Ujenzi ukiwa umekwisha kuendelea, mwenye mradi, Lee Joon, aliamua kuigeuza iwe duka kubwa la kila kitu, lililokuja kuitwa Sampoong. Duka lilihitaji ngazi za umeme, na ili kuzipatia nafasi, nguzo kadhaa ziliondolewa. Kisha ikatakiwa ghorofa ya tano juu ya zile nne. Kampuni ya ujenzi ya Woosung ilikataa kuyafanya mabadiliko hayo, kwa kuwa iliona hatari yake. Mwenye mradi hakushauriana nayo. Aliiondoa, akaikamilisha kazi kwa kampuni yake mwenyewe. Ghorofa ya tano ilikusudiwa kwanza kuwa mahali pa mchezo wa viatu vya magurudumu. Hilo nalo likabadilishwa, pakawekwa mikahawa yenye majiko na vyombo vizito, na sakafu nzito ya zege yenye mabomba ya kupashia joto. Juu ya paa ikawekwa mitambo mikubwa ya kupoza hewa. Mwaka 1993 mitambo hiyo ilihamishwa kwa kuburutwa juu ya paa, na paa likapata nyufa.

Asubuhi ya tarehe 29 Juni 1995 nyufa zilikuwa zimepanuka mbele ya macho ya kila mtu. Ghorofa ya juu ilifungwa. Wakubwa wa duka walikaa mkutanoni, wakaamua kutolifunga duka zima, kwa kuwa wateja walikuwa wengi siku hiyo. Jioni, kabla ya saa kumi na mbili, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka kwa muda usiofika dakika moja. Watu 502 walikufa, na 937 walijeruhiwa. Mtu wa mwisho kutolewa hai alikuwa amekaa chini ya kifusi kwa zaidi ya siku kumi na tano.

Mahakama ilimhukumu Lee Joon kifungo cha miaka kumi na nusu, kilichopunguzwa baada ya rufani kikawa miaka saba na nusu. Pamoja naye walihukumiwa maofisa wa serikali ya mji waliopokea rushwa ili mabadiliko hayo yapate idhini. Yafaa tulisisitize jambo hilo. Karatasi za idhini zilikuwapo, na mihuri ilikuwapo. Lakini muhuri uliopatikana kwa rushwa hauongezi nguvu hata kidogo katika nguzo. Zege haisomi barua, wala haijui cheo cha mtu.

Kwa nini basi mabadiliko ya mwisho yawe na hatari kuliko ya mwanzo? Ziko sababu tatu.

Kwanza, jengo ni kama mwili. Sehemu zake zimeshikamana, na kila moja imekadiriwa kwa kuzitazama nyingine. Mwanzoni, ukibadili paa, unaweza kubadili nguzo na msingi pia, maana vyote bado ni penseli na karatasi. Mwishoni, msingi umekwisha kuganda ardhini. Unaongeza juu bila ya kuweza kuongeza chini.

Pili, walioikadiria ramani ya kwanza aghalabu wamekwisha kwenda katika kazi nyingine. Anayebakia ni fundi mwenye haraka, msimamizi mwenye hofu ya tarehe ya kufungulia, na mhasibu anayehesabu gharama za kila siku. Kila mmoja hudhani kwamba mwenziwe amekwisha kupiga hesabu. Hivyo jambo ambalo kila mtu amelipitisha huwa halikuangaliwa na mtu hata mmoja.

Tatu, badiliko la mwisho huja likiwa limevaa nguo za jambo dogo. Halisemi, "mimi ni ramani mpya." Husema, "ni nondo mbili badala ya moja tu. Ni ukuta mmoja tu. Ni ghorofa moja tu." Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Hatusemi kwamba ramani isibadilishwe kamwe. Katika kazi kubwa ya miaka mitano au kumi, ardhi huweza kuonekana laini kuliko ilivyodhaniwa, vifaa huweza kukosekana, na mahitaji ya wenye jengo huweza kugeuka. Hata jeshini mpango wa vita hubadilishwa adui anapobadili njia. Linalotakiwa ni kwamba badiliko lipewe heshima ile ile iliyopewa ramani ya kwanza: lipigiwe hesabu upya, liandikwe, litiwe sahihi na mtu mwenye ujuzi na madaraka, na wote wanaohusika waarifiwe.

Na pale ambapo kosa limekwisha kupita, dhamana yadai kusema. Mfano mmoja ulitokea New York. Mwaka 1977 lilimalizika jengo la ghorofa 59 la benki ya Citicorp. Mwaka uliofuata mhandisi wake, William LeMessurier, alikuja kujua kwamba viungo vikubwa vya chuma, alivyotaka vichomelewe, vilifungwa kwa bolti ili kupunguza gharama. Ofisi yake mwenyewe ilikuwa imelikubali badiliko hilo bila ya yeye kulipima. Alipopiga hesabu upya kwa upepo unaopiga jengo kwa mshazari, aliona kwamba dhoruba kali ingeweza kuliangusha. Angeweza kunyamaza, na huenda hakuna ambaye angejua. Alikwenda kwa wenye jengo, akawaambia. Kwa majuma kadhaa ya mwaka 1978 mafundi walichomelea mabamba mazito ya chuma juu ya viungo vile, wakifanya kazi usiku, huku mpango wa kuwahamisha watu ukiwa tayari iwapo dhoruba ingekuja. Jengo lilipona.

Hata hapo, kulikuwa na doa. Watu waliofanya kazi ndani ya jengo na majirani waliolala chini yake hawakuambiwa ukweli. Umma ulikuja kujua mwaka 1995. Kusema kwa wakubwa ni wajibu wa kwanza, lakini wale ambao maisha yao yamo hatarini nao wana haki yao ya kujua.

Sasa tuyarudishe maneno haya kambini na kituoni. Wewe uliye mkuu wa kambi, siku moja utapewa jengo jipya kabla halijamalizika. Utaona kwamba ukuta fulani unazuia nafasi, au kwamba chumba cha juu kingefaa kuwa ghala la risasi badala ya ofisi. Utakuwa na cheo, na fundi atakuogopa. Hapo kumbuka kwamba cheo chako chaweza kumwamrisha fundi, lakini hakiwezi kuiamrisha boriti. Sakafu iliyokadiriwa kubeba meza na makarani haikukadiriwa kubeba masanduku ya risasi. Mwite mhandisi, umwulize, naye akujibu kwa maandishi. Akisema haiwezekani, mshukuru. Kampuni iliyosema haiwezekani kule Seoul ilifukuzwa, na kama ingesikilizwa, watu 502 wasingalikufa siku ile.

Wewe uliye katika kikosi cha wahandisi, na unajenga daraja au bweni, usipokee badiliko kwa mdomo, hata likitoka kwa mkubwa wako. Liandike katika daftari ya kazi, pamoja na siku, saa na jina la aliyelitoa, kisha omba sahihi. Huo si utovu wa nidhamu. Mlinzi mwema huandika kila linalompitia katika zamu yake, na hakuna kamanda mwenye akili anayemchukia kwa hilo.

Nawe askari mpelelezi, utakapofika penye jengo lililoanguka, usitosheke na kumkamata fundi aliyekutwa na mwiko mkononi. Yeye ndiye aliye karibu, na mara nyingi ndiye aliye maskini kuliko wote. Tafuta ramani ya kwanza na ramani ya mwisho, uzilaze meza moja. Tazama zinapotofautiana. Kisha uulize maswali manne. Ni nani aliyelitaka badiliko hili? Ni nani aliyelipigia hesabu? Ni nani aliyelitia sahihi? Na ni nani aliyeiona hatari akasema, au akanyamaza? Ukikuta kwamba swali la pili halina jina, huenda umekwisha kukipata chanzo cha ajali. Na karatasi hizo zichukue mapema, maana baada ya msiba karatasi hupotea upesi kuliko vumbi la kifusi.

Ndugu wasikilizaji, nchi zetu zinajenga, na zitazidi kujenga. Tunahitaji mahospitali, mabweni, mabwawa na madaraja. Kila jengo kubwa ni jumla ya maamuzi maelfu ya watu wengi, na hakuna jicho moja liwezalo kuyaona yote. Kwa sababu hiyo, kila uamuzi uwe na jina la mtu, ili awepo wa kuulizwa kabla ya ajali, wakati jawabu lingali na faida. Kumwuliza baada ya mazishi ni haki, lakini ni haki iliyochelewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika majumba haya ya ghorofa nyingi, asiyeziba ufa huenda asipate hata nafasi ya kujenga ukuta.

Basi na tushike kanuni hii katika kambi zetu, vituo vyetu na miradi yetu yote: anayebadili ramani na aubebe mzigo wake, kwa jina lake na kwa sahihi yake. Na yeyote aliyeuona mzigo umezidi, awe jenerali au kuruta, aseme mapema.